Kamera Iliishia Kidevuni

Askofu alipofika kwa mtoto wa saba, nilinyanyua kamera nipige, ikaishia kidevuni. Nikavuta. Mwanangu mgongoni akalia. Nikavuta tena, akalia zaidi, maana mkanda wa kamera ulikuwa umepita chini ya mbeleko na kila nilipouvuta nilikuwa namvuta yeye. Kamera yenyewe kioo chake cha nyuma kilikuwa kimekufa kabla sijakabidhiwa. Ili uone unachopiga lazima uchungulie kwenye kitundu, na kitundu kilikuwa chini ya kidevu changu. Nikafanya kilichobaki. Nikainamisha kichwa mpaka jicho likaifikia kamera, na kamera nayo ikainama pamoja nami. Nikapiga. Nikapiga tena. Mpaka napata akili ya kufungua mbeleko, askofu alikuwa ameshampaka mafuta wa saba, wa nane na wa tisa, na mimi nilikuwa nimepiga viatu vyao.

Kosa langu nalijua. Nilivaa mkanda kwanza, ndipo nikambeba mtoto juu yake. Mwanamke wa huku akienda shamba anajifunga kanga, anafunga kibindo, anachomeka panga lake, na mtoto ndiye wa mwisho kupanda mgongoni na wa kwanza kushuka. Hakuna aliyenifundisha, nimekua nikiona. Asubuhi ile ya kipaimara mikono yangu ilifanya ilichozoea. Kamera haikukulia Nachingwea, haikujua.

Kosa hilo ni langu, nalibeba. Yaliyofuata siyabebi.

Wakati huo mwanangu alikuwa na miezi minane. Mimi nimemaliza kidato cha nne hapahapa Nachingwea. Baba yake yuko kibaruani Mtwara, anapiga simu, sina ugomvi naye katika habari hii. Studio niliyokuwa najifunza kazi iko karibu na stendi, na mwenye studio ni mwanaume wa makamo ambaye wote tulimwita bosi. Alinichukua kwa sababu moja tu, na aliisema waziwazi siku ya kwanza: "Kuna sherehe za akina mama mimi siingii. Wewe utaingia." Nikasema sawa. Nilisimama mbele yake nikiwa na mtoto mgongoni. Hakuwa kipofu. Akanikabidhi kamera ya zamani, ile yenye kioo kilichokufa, na mkanda wake wa nailoni, mwembamba, umeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa kama bango.

Jumatatu baada ya kipaimara alifungua picha kwenye kompyuta, na hakusubiri wazazi waondoke. Walikuwa watatu, wamekaa kwenye benchi la wateja na nguo zao za kutokea.

"Viatu," akasema. Akabofya. "Viatu." Akabofya. "Na hii ni nini, mama mtoto? Soksi?"

Mama mmoja wa parokia, mtu mwema, akainama kwenye kioo akasema, "Lakini viatu vimetoka vizuri."

Ningependa kusema nilicheka. Sikucheka. Nilikuwa nimeingia kanisani mle kwa mara ya tatu maishani, Mwislamu mimi, nimejifunga mtandio vizuri, nimepokelewa kwa heshima kuliko ninavyopokelewa mahali pengi, halafu nimewalipa watu wale kwa soksi. Niliomba radhi kwa kila mmoja. Kwa hao niliomba kwa moyo.

Bosi akasubiri watoke, akageuza kiti. "Kamera siyo mzigo wa kuni, mama mtoto. Huwezi kuwa na kamera mbele na mtoto nyuma. Mandawa sahau."

Mandawa ndiyo niliyokuwa naisubiri. Huko upande wa Ruangwa kulikuwa na familia inatoa mwali, binti yao wa kwanza, mwezi wa sita shule zikiwa zimefungwa na ufuta umeshatoka shambani. Walikuwa wamepiga simu wenyewe: wanataka mpiga picha mwanamke, aingie uani, apige mwali akivishwa na somo wake, mwanamke anayemfunda, kisha amfuate akitolewa nje. Ndani ya unyago mwanaume haingii, hata awe na kamera ya dhahabu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimepiga picha za pasipoti, watu wanaambiwa kaa wima usicheke. Hii ilikuwa kazi ya kwanza iliyoniita mimi. Ningeikosa, ningerudi Marambo kwa mama mkwe kupalilia, na kamera ingekuwa hadithi ya kitu nilichowahi kujaribu.

"Niache mtoto wapi?" nikamuuliza. "Ananyonya. Uji anautema."

"Hilo la nyumbani kwako. Zimebaki siku kumi na moja. Nitakwenda mwenyewe."

"Wamesema mwanamke."

"Nitaongea nao."

Sasa nisikilizeni. Nikibeba mtoto na jembe, mimi mchapakazi. Nikibeba mtoto na ndoo ya maji kichwani, mke huyo, kaolewa mwanamke. Wanawake wa Marambo wanavuna ufuta na watoto mgongoni jua la saa saba, na hakuna mwanaume aliyewahi kuwaambia ufuta siyo kuni. Nikabeba mtoto na kitu cha kilo moja na nusu chenye kioo mbele, nikageuka mzembe. Kilo moja na nusu! Nimebeba debe la mahindi kwenda mashineni nikiwa na mimba ya miezi saba.

Kilichoniumiza hakikuwa uzito. Kilikuwa mkanda. Ule mwembamba ulikuwa unanikata. Ukiuvaa shingoni, baada ya saa moja kichwa kinauma kama umepigwa rungu kisogoni, na kamera inaning'inia kifuani, inagonga matiti ya mtu anayenyonyesha. Ukiupitisha begani, unateleza. Jasho likiingia, unakwaruza. Nilikuwa na mstari mwekundu upande wa shingo, mama mkwe akaniuliza kama ninapigwa. Miezi mitatu nilimwambia bosi, shingo inaniuma. Miezi mitatu alinijibu, "Utazoea," au, "Ni kwa sababu unanyonyesha, mwili umelegea."

Jumatatu ile ile, nimesimama pale na aibu yangu ya soksi, niliitazama kamera yake mezani. Kubwa, nzito kuliko yangu. Mkanda wake ulikuwa mpana kama kiganja, una sponji ndani, laini. Nikaushika. Nikaufuata kwa vidole mpaka pembeni, nikaona umepitishwa kwenye pete mbili za chuma na kurudishwa kwenye vifungo vyake. Nikaugeuza. Haukuwa umeandikwa jina la kamera ile wala kampuni yoyote.

"Huu haukuja na kamera," nikasema.

"Nilinunua Dar. Ule uliokuja nao ulikuwa unaniumiza."

"Kumbe unabadilishwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama kofia huvuliwa. "Sasa wewe ulidhani umeota pale?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Miezi mitatu naisema shingo yangu, anaijua dawa, anaivaa yeye mwenyewe, imemkalia begani mbele ya macho yangu kila siku, na ananiambia sikuuliza. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka mtoto akapiga chafya.

Kesho yake nilikwenda dukani. Pale mjini kuna duka moja linalouza vifaa vya simu, redio, betri, na kwenye kona vitu vichache vya kamera. Muuzaji alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akaingiza mkono chini ya kioo akatoa kimkanda chembamba chenye maua ya zambarau.

"Huu wa kike, dada. Mwembamba, unapendeza."

"Mwembamba ndio unaonitesa. Nipe mpana."

"Mpana wa kiume."

"Bega lina kiume na kike?"

Akacheka, akatoa mwingine, mweusi, mpana, wa kitambaa cha mpira kinachovutika. Akauvuta mbele yangu ukanyooka, akauachia ukarudi. "Huu unameza uzito wote. Hutasikia kitu."

Nikatoa kamera kwenye begi. "Nataka kuifunga nitembee nao kidogo."

"Haijaribiwi. Siyo nguo hii."

"Kaka, kiatu najaribu. Kofia najaribu. Hata jembe nalishika mpini kabla sijanunua. Kitu cha kukaa mwilini mwangu kutwa nzima ndiyo nisijaribu?"

"Ukijaribu umenunua."

Mteja mwingine, mama mtu mzima aliyekuwa ananunua betri za redio, akadakia, "Mwache ajaribu, unaogopa nini, atakimbia na mtoto mgongoni?" Muuzaji akaona haya. Akanipa. Nilitembea hatua kama ishirini mle dukani, nikaenda mpaka mlangoni nikarudi, na kweli sikusikia kitu. Nikanunua. Hatua ishirini! Hilo nalo kosa langu, la pili, na nimeapa kulisema: mkanda wa kamera haupimwi kwa hatua ishirini. Hatua ishirini kila kitu ni chepesi. Hata mume.

Jumatano nikauvaa kwenda Marambo kumsalimia mama mkwe. Safari hii nilimbeba mtoto kwanza, mkanda juu, kamera ubavuni kama nilivyoona wapiga picha kwenye simu. Nikapanda bodaboda. Ile barabara mnaijua. Kila shimo pikipiki ikishuka, kamera nayo inashuka, mkanda unavutika, halafu unairudisha juu kama mpira wa watoto, pu, inanigonga nyonga. Pu. Tulipofika mbali kidogo ikaanza kugonga kitu kingine. Mtoto aliyebebwa mgongoni miguu yake inatokea mbavuni kwa mama, mmoja huku mmoja huku. Kamera ilikuwa inamgonga kidole gumba cha mguu. Hao wenye video kwenye simu hawana mguu wa mtoto ubavuni, wangejuaje?

Kufika namshusha, mama mkwe akapiga ukelele. Mdomo wa mtoto mweusi tii, ulimi mweusi, mate meusi yamechirizika mpaka kwenye gauni. Alikuwa ameuvuta mkanda begani akaunyonya njia nzima, na rangi ikatoka kama wino.

"Umemlisha mkaa?" mama mkwe akauliza. Kiswahili chake ni cha kuhesabu, lakini maneno ya kunisuta anayo yote.

"Ni mkanda, mama."

"Mkanda wa nini?"

"Wa kamera."

"Kamera," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Tukaosha mdomo ule kwa maji, kisha kwa mafuta, kisha kwa maji. Nilirudi mjini siku iliyofuata nikauweka mkanda juu ya kioo cha duka mbele ya wateja wanne.

"Rangi inatoka. Mtoto kaunyonya."

"Dada, huo wa kubebea kamera, siyo wa kunyonya."

"Na mimi nilikuja hapa na mtoto mgongoni, ukamwona, ukampungia mkono. Ulidhani anakula nini begani kwangu, wali?"

Hakunirudishia pesa. Nikamwachia hapohapo, nikamwambia anyonye yeye.

Siku saba zikawa zimebaki. Nikatulia, maana hasira ikikaa sana inakuwa kazi. Nilichukua daftari la shule ambalo sikulimaliza nikaandika ninachotaka, kama vile hakuna duka duniani. Mpana begani, lakini siyo mpana njia nzima, kwa sababu mbele unakutana na fundo la mbeleko na sponji ikipanda juu ya fundo inateleza. Usivutike. Usitoe rangi. Upande wa ndani pamba, siyo nailoni. Usiwe mrefu hadi ubavuni. Kamera ikae mbele, chini ya titi la kushoto, juu ya kitovu, ambapo mguu wa mtoto haufiki. Usiwe na chuma kinachoning'inia, maana paji la uso la mtoto liko palepale nyuma ya bega. Na ufunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu akitaka kunyonya lazima kamera itoke kabla yake, na mkono mwingine utakuwa umeshika lenzi.

Nikachana karatasi ile nikaipeleka kwa fundi wa mabegi sokoni. Huyu anashona mabegi ya shule yaliyokatika, anatia zipu, anaweka viraka kwenye maturubai ya korosho. Ni Mngoni, mtani wetu, na mdomo hana breki.

"Wamwera mmeanza lini kupiga picha?" akasema akisoma. "Mlikuwa mnakimbia tukija, picha ya mgongo tu ndiyo tungepata."

"Shona, Mngoni. Ukoo wenu ulikuwa hodari wa kubeba vya watu, tuone kama mnajua kushona vya kubebea."

Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alipoanza kupima aliacha utani, na hapo nikamheshimu. Hakunipima shingo. Aliniambia nimbebe mtoto kwanza, nifunge mbeleko kama ninavyofunga siku zote, niishike kamera mahali ninapotaka ikae, halafu ninyanyue mpaka jichoni. Akapitisha kamba ya kupimia kutoka pete hadi pete mara mbili, kamera ikiwa chini na kamera ikiwa juu.

"Umeona," akasema. "Ikilala inataka fupi, ikipanda inataka ndefu. Wote wanapima ikilala. Ndiyo maana inaishia kidevuni." Akaweka kipande cha kuteleza, ambacho ukikivuta kwa mbele mkanda unaongezeka kiganja kimoja, ukikirudisha unapungua.

Begani alitia turubai la pamba lililooshwa mara nyingi, ndani yake godoro jembamba, juu akashona kipande cha kanga yangu kuukuu ambayo rangi yake ilishatoka zamani. Mbele akaweka kifungo cha plastiki cha kubana, kile cha mabegi ya shule, kinachosema ta.

"Na kikifunguka chenyewe?"

"Ndiyo nilikuwa nakuja huko, mama, usinifundishe kazi." Akashona kitanzi cha akiba nyuma ya kifungo, chembamba, imara. Kifungo kikifunguka kwa bahati mbaya, kamera inashuka kiganja kimoja na kuning'inia. Haianguki.

Sikuulipia siku ile. Nilimwambia nitakaa nao kutwa nzima kwanza, nisirudie kosa la hatua ishirini. Akasema, "Kaa nao hata ulale nao." Nilifua nao, nilipika nao, nilitwanga nao kisamvu, kamera nimeiviringishia nguo isipate vumbi. Jioni nilijipapasa shingo. Haikuwa na neno. Mtoto alikuwa ameunyonya tangu mchana na mdomo wake ulikuwa mdomo wa mtoto. Kesho yake nikamlipa fundi.

Siku mbili kabla ya Mandawa, mama wa mwali alipiga simu studio. Nilikuwepo, nilimsikia kutoka kwenye kiganja cha bosi. Bosi akarudia aliyomwambia kwa simu asubuhi, kwamba atakuja mwenyewe, yeye ana uzoefu wa miaka mingi. Mama akamwacha amalize.

"Uzoefu wa unyago unao?" akamuuliza.

"Wa kamera, mama."

"Basi uje na kamera yako upige mbuzi huku nje. Uani anaingia mwanamke. Kama hamna, semeni, tutatafuta Lindi."

Bosi akakata, akanitazama, akautazama mkanda. "Utakwenda. Na mimi nakuja. Kamera yangu siwezi kuiacha iende na mtoto."

Eti kamera isiende na mtoto. Niliogopa nikijibu nitabaki.

Mandawa tulifika asubuhi, yeye kwa pikipiki yake, mimi kwa bodaboda kutoka Ruangwa, mavumbi mpaka kope. Uani kulikuwa kumezungushiwa uzio wa majani. Kungwi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu shambani, alisimama mlangoni. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaniambia pita. Akamwona bosi nyuma yangu na kamera yake kubwa.

"Huyu nani?"

"Bosi wangu."

"Huku ndani hana ubosi. Kaa pale na madereva, baba, uji utaletewa."

Ndani nilipewa masharti yangu. Nikiambiwa piga, nipige. Nikiambiwa laza, nilaze, maana mengine ni ya mwali na somo wake, siyo ya ukutani. Mara tatu kungwi alisema "Laza!" na mara tatu niliirudisha kamera chini, lenzi ikitazama tumbo langu, nikanyanyua mikono juu waione mitupu. Simu ikaita mfukoni. Bosi, kutoka nje ya uzio: "Haijaanguka?" Nikakata. Baada ya muda: "Haijaanguka?" Nikazima simu.

Mwali alivishwa kanga mpya, akafungwa lemba, akafunikwa uso. Halafu akapandishwa mabegani kwa somo wake, kwa sababu siku ya kutoka mwali hakanyagi chini, na wote wakatoka naye kwa vigelegele na ngoma. Kazi yangu ilikuwa kwenda kinyumenyume mbele yao, kutoka uani mpaka kiwanjani, bila kuanguka, bila kukosa pale kitambaa kitakapofunuliwa, maana uso ule unafunuliwa mara moja. Hakuna kuwaambia watu rudieni. Somo alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye macho, binti wa watu mabegani, na anacheza.

Katikati ya njia mwanangu akaamka. Akaanza kulia kile kilio chake cha njaa, kisichosikia maneno. Nikajua bado mita kama mia mbili. Mkono wa kushoto ukashika lenzi, wa kulia ukabana kifungo, ta, mkanda ukafunguka, kitanzi cha fundi kikaishika kamera. Nikavuta fundo la mbeleko, nikamzungusha mtoto mbele, nikalifunga begani, nikampa ziwa. Nikafungua kitanzi, nikaupitisha mkanda juu ya bega la pili, nikabana. Nimeandika kwa mistari mingi. Kilikuwa kitu cha pumzi chache, na miguu haikuacha kurudi nyuma.

Mwanamke mmoja katika kundi akapiga kigelegele, akaniimbia usoni, "Mpiga picha, mwenzio anakula, wewe hujanywa hata uji!"

"Anakula kwa niaba yangu!" nikamjibu, wakacheka safu nzima, na katika kicheko hicho somo akasimama, kungwi akanyoosha mkono, kitambaa kikafunuliwa. Nikavuta kile kipande cha kuteleza. Kamera ikapanda mpaka jichoni. Uso wa binti ulikuwa na poda na machozi, na alikuwa anajizuia kucheka. Nilimpiga mara sita.

Jua likiwa limeinama tulimaliza. Bosi alinifuata kiwanjani akanyoosha mkono. "Lete." Akahamisha kadi kwenye kamera yake, maana ile yangu kioo kimekufa, akatazama picha moja moja. Mama wa mwali akaja akasimama naye, akautazama uso wa binti yake, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Picha zetu zimetoka vizuri, mama," bosi akamwambia.

"Zenu na nani?" mama akauliza. "Wewe si ulikuwa unakunywa uji?"

Bosi akacheka kidogo, kicheko cha kulazimisha. Kisha akarudisha kadi kwenye kamera ya zamani, akaipitisha shingoni na mkanda wangu. Akaunyoosha, akajipapasa begani. "Mzuri huu. Nitaondoka nao, uwe wa studio."

"Kamera ni yako," nikasema. "Mkanda ni wangu." Nikamwendea, nikabana kifungo, nikalegeza kitanzi, nikauchomoa kwenye pete zote mbili mbele ya madereva, nikauviringisha, nikautia kwenye begi la nepi. Kamera nikamwachia mikononi kama tofaa lisilo na kikonyo.

Alijaribu kuondoka nazo zote mbili kwa pikipiki. Kamera yake kubwa shingoni, ya zamani mkono mmoja, usukani mkono mwingine. Akajaribu kuitia ndani ya koti, lenzi ikatokeza. Akaiweka juu ya tangi la mafuta, ikateleza, akaidaka kwa goti. Madereva wakawa wanatazama kwingine kwa adabu. Mwishowe akashuka, akaja nilipokuwa namfunga mtoto mgongoni.

"Shika hii mpaka mjini. Haibebeki."

Sikuipokea. Nikamaliza fundo kwanza.

"Jumamosi ijayo kuna wanawali wanatoka unyagoni Chiola," akasema, akitazama mavumbi. "Wamesikia kuna mpiga picha mwanamke. Utakwenda wewe."

"Nitakwenda na mtoto."

"Si nimesema uende?"

"Umesema mimi. Sema na mtoto."

Akasema kama mtu anayemeza kidonge bila maji, "Nenda na mtoto."

Watu wangu nikiwasimulia wananiambia nishukuru, angalau aliniruhusu. Aliniruhusu nini? Kumbeba mwanangu? Bega ni langu, mtoto ni wangu, hata mkanda nimeuandika mwenyewe kwenye daftari na Mngoni akaushona. Miezi mitatu na shingo yenye kidonda ili mtu aseme maneno matatu. Sikumwambia asante na sitamwambia.

Niliipokea kamera, nikatoa mkanda kwenye begi la nepi, nikaupitisha kwenye pete, nikabana, nikauvuta ukakaa. Nikamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo, na tufike kabla umeme haujakatwa, maana mama wa mwali alizitaka picha zake kabla ya Jumatano na nilikuwa nimemwahidi mimi.